Nilimwacha Mke Wangu Aitwe Mama Yangu

Nimekosa. Sitaki kuzunguka wala kutafuta wa kumsukumia lawama. Nilifanya kosa hili nikiwa na akili zangu timamu, sijalewa, sijalogwa, na aliyelilipia ni mtu mwingine kabisa.

Naomba mnifiche jina. Hata majina ya wanawake wawili nitakaowataja nimeyabadilisha, maana Makambako ni mji mdogo kuliko unavyouona ukipita na basi. Ila mambo yenyewe ndivyo yalivyokuwa. Nikisimulia ovyo mnivumilie, sina wa kumwambia zaidi yenu.

Mke wangu nitamwita Ester. Nina miaka thelathini na sita. Ester ana thelathini na nne. Ni mdogo kwangu, jamani! Shuleni kule Kifanya alikuwa nyuma yangu madarasa mawili, na siku tunafunga ndoa usharikani kuna mama mmoja alinong'ona kwa sauti mpaka tukasikia, "Huyu binti si bado mtoto?" Tulicheka sana.

Sasa nieleze ilikuwaje binti huyo akaja kuonekana bibi.

Tulianza maisha bila kitu. Kwetu kazi iliyokuwepo ni miti. Mimi kifua changu ni kibovu tangu utotoni, nikibeba mbao siku mbili nalala wiki nzima nakohoa. Aliyebeba ni Ester. Mbao mbichi, nzito, zinachuruzika maji, anazitoa bondeni kichwani mpaka barabarani lilipo lori. Mvua yake, ukungu wake, na baridi ile ya mwezi wa sita na wa saba inayopasua midomo mpaka damu. Jioni anarudi kupuliza moto wa kuni mbichi, macho mekundu kwa moshi.

Siku moja aliteleza kwenye mteremko, ubao ukamrudia usoni. Meno mawili ya mbele yakaondoka palepale, mengine yakafuata baadaye. Shavu likaingia ndani. Na kwao wana mvi za mapema, alipofika thelathini nywele zake zilikuwa zimejaa majivu. Mgongo nao ukaanza kupinda kidogo kwa ile mizigo.

Mimi? Mimi nilibaki vilevile. Sina ndevu hadi leo, uso mviringo kama wa mwanafunzi. Ningezeekaje wakati yeye ndiye alisema, "Kasome ufundi wewe, mimi nitabeba"? Nikaenda kusoma umeme wa magari. Alinisomesha kwa shingo yake. Sisemi kwa mfano, nasema shingo, hii inayobeba kichwa.

Mtoto hatukujaliwa. Miaka kumi na zaidi tulisubiri. Ester alikuwa anahesabu tarehe zake kimya kimya, ikifika anajificha nyuma ya nyumba analia, kisha anarudi kuniuliza kama nitakula ugali au viazi.

Basi. Nikapata kazi gereji moja Makambako, kwenye ile barabara kuu yanakopita malori ya Zambia. Nikatangulia peke yangu. Nilipopata nyumba ndogo ya kupanga, nikamwita Ester aje.

Siku anashuka na vyombo vyake, jirani yangu mmoja, mzee wa watu, alisimama getini akatutazama. Akaniambia kwa furaha ya kweli, "Kijana, umefanya la maana. Wenzako wakishapata kazi wazazi wanawasahau. Wewe umemleta mama."

Ester alikuwa ndani anapanga sufuria. Hakusikia.

Ilikuwa nafasi ya kusema, "Hapana mzee, huyo ni mke wangu." Mzee angeona aibu kidogo, tungecheka, yangeisha. Mimi nikatabasamu. Nikasema, "Ndiyo, mzee. Nashukuru."

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Niliona aibu, ndiyo jibu. Niliona aibu ya yule mwanamke.

Mtaa ukaanza kumwita Mama Fundi. Ester alifurahi sana kwa jina hilo! Kwake lilikuwa na maana ya mke wa fundi, kama ilivyo kwa wanawake wote wa mafundi. Wao walimaanisha mama aliyenizaa. Jina moja, kila mtu analisikia kivyake, na mimi peke yangu nikijua yote mawili. Vijana wakimpa shikamoo, anaitikia. Kwetu mtu aliyeolewa kupewa shikamoo si ajabu, hakushtuka.

Kuna mchana aliniletea chakula gereji. Maharage na ugali, amefunika vizuri kwa kitambaa. Dereva mmoja wa lori akapiga kelele toka juu ya bampa, "Dogo! Maza kakuletea msosi, shuka ule!" Mafundi wote wakacheka, si kwa ubaya. Ester alikuwa amesimama kwenye kelele za injini, sijui alisikia au la. Alinikabidhi bakuli, akasema, "Kula kikiwa cha moto."

Jioni nikamwambia asilete tena.

"Kwa nini? Hukukipenda?"

"Magari ni mengi pale. Utagongwa."

Akanishukuru kwa kumjali. Ee Mungu wangu! Akanishukuru!

Mkabala na gereji kulikuwa na kibanda cha kutuma pesa, na ndani yake alikuwepo binti nitakayemwita Lilian. Mchangamfu, mcheshi, ana heshima zake. Alianza kuniita fundi wangu. Siku moja akaniuliza, "Fundi, mbona hujawahi kunambia unaishi na nani?"

Nikajibu, "Na mama."

Mara hii sikumwacha mtu mwingine akosee mwenyewe. Nilimkosesha mimi, kwa mdomo wangu.

Akaniuliza na umri. Nikapunguza. Akaamini, nani asingeamini kwa uso huu? Akauliza habari za baba, nikasema alishafariki. Hilo lilikuwa kweli, baba yangu alishafariki. Uongo wangu mwingi niliuchanganya na ukweli namna hiyo, ukawa mtamu kumeza.

Sitaingia sana kwenye mambo yangu na Lilian. Tulipendana, au yeye alinipenda na mimi nilipenda kuonekana kijana. Nilikuwa nikitembea naye sokoni najiona nimeanza maisha upya. Nikirudi nyumbani namkuta Ester amechemsha maji ya kuoga, na mimi namnunia bila sababu.

Ikafika Jumapili moja. Nimetoka kuoga, niko ndani nafunga vifungo vya shati, nasikia hodi. Sauti naijua.

Nikachungulia. Lilian amesimama uani na gauni lake la kanisani, mkononi ana kikapu cha matunda na kitenge kipya kimekunjwa. Ester amekaa kwenye kigoda anamenya viazi.

Lilian akapiga magoti. Chini, kwenye vumbi, na gauni lile.

"Shikamoo mama."

Ester akanyanyua uso, akamtazama. Kisha akageuka akanitazama mimi mlangoni.

Alikuwa ananisubiri niseme. Ule uso nauona hadi sasa hivi ninapoandika. Haukuwa na hasira, ulikuwa unasubiri tu, kama mtu aliyekuuliza swali dogo na anajua utalijibu.

Nikainamisha kichwa, nikafunga kifungo cha mwisho cha shati.

Lilian akaendelea, "Mama, mimi naitwa Lilian. Fundi amenisimulia habari zako, nikaona nisingoje mpaka anilete mwenyewe. Nimekuletea kitenge."

Ester akaweka kisu chini. Akajifuta mikono kwenye kanga. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafuka. Karibu."

Akampikia! Akachinja yule kuku mmoja tuliyekuwa naye, akampikia, akamwekea nyama nzuri. Tulikula sisi wawili sebuleni. Yeye alikaa jikoni akasema amezoea kula hukohuko.

Lilian alipoondoka, nikamkuta Ester anaosha vyombo. Akaniuliza bila kugeuka, "Nimekuwa mama yako lini?"

Nikaanza kubabaika. Nikasema ni binti wa jirani na gereji tu, amekosea, nimeona nikimsahihisha mbele yako mtaaibika wote, nitamwambia. Maneno mengi ya kijinga.

Akasema, "Basi mwambie wewe. Mimi siwezi kumfukuza mtu aliyenipigia magoti."

Akasuuza sufuria ya mwisho, nikadhani yameisha. Akaongeza, "Leo nilikuwa na neno la kukwambia. Nilitaka tukitoka kanisani nikwambie. Sasa basi, nitakwambia siku nyingine."

Nikasema, "Sawa." Sikuuliza ni neno gani. Nilikuwa na haraka ya kutoka pale.

Neno lenyewe ndilo lililonivunja. Tutafika.

Sikumwambia Lilian ukweli. Nilisema kesho, na kesho nikasema keshokutwa. Lilian akawa anakuja. Kila akija anambebea mama kitu, na Ester anaitikia marahaba, safari hii bila kunitazama. Nilianza kujidanganya kuwa amekubali. Nilifikia kuwaza, Mungu anisamehe, kwamba labda tungeweza kuishi hivyo.

Jumapili nyingine niko gereji na gari la dharura, Lilian akanipigia simu. "Fundi, njoo! Nimemkuta mama amejikunja tumbo linamuuma vibaya! Niko naye kwenye bajaji tunakwenda zahanati!"

Nikakimbia. Ni zahanati ndogo ya mtu binafsi, jina lake silitaji. Nikamkuta Ester kwenye benchi, jasho linamtoka, Lilian amemshika mabega. Mganga akatoka, kijana tu, akauliza nani ndugu yake.

Lilian akanionyesha. "Huyu ni mwanawe."

Mganga akanigeukia. "Mama ana umri gani?"

Ndugu zangu, hapa naomba msimame mnitazame. Mke wangu yuko pale pembeni yangu, nasikia anavyopumua kwa shida. Lilian ananitazama kwa macho ya huruma. Na mganga anasubiri.

Nikasema, "Hamsini na nane."

Kwa nini nilitaja umri huo sijui. Ni umri wa mama yangu mzazi.

Ester akanitazama. Mdomo ukafunguka kidogo, ukafungwa. Kisha akageuza uso akaangalia ukuta.

Mganga hakuona la kuuliza zaidi. Mtu mzima wa umri huo, tumbo linauma, anakula chakula kikavu. Akasema hizi ni dalili za vidonda vya tumbo, akampa dawa ya maji na vidonge, asile maharage wala pilipili. Ningemwambia umri wake wa kweli, angeuliza lile swali ambalo kila mwanamke wa thelathini na nne huulizwa. Angempima. Mimi ndiye niliyemzuia kuuliza!

Maumivu yakapungua. Siku kadhaa Ester alitembea ameshika ukuta, anasema ni nafuu. Nilimnunulia maziwa, nikajiona mume mwema.

Asubuhi moja najiandaa kwenda kazini nikasikia ndoo imeanguka bombani. Nikatoka. Ester yuko chini, maji yamemwagika juu yake na hatetemeki, na ile baridi yote! Midomo myeupe. Nikamshika mkono, mkono wa barafu.

Nikampigia nani? Lilian. Sikuwa na akili ya kumpigia mwingine. Lilian akaja na gari la mjomba wake, na mjomba mwenyewe akiendesha. Hatukurudi zahanati. Mjomba akasema huyu ni wa hospitali kubwa, twendeni Njombe.

Ile barabara sijawahi kuiona ndefu vile. Ukungu ulikuwa umeshuka, gari linatambaa nyuma ya malori ya mbao. Ester amelaza kichwa mapajani kwa Lilian, na Lilian anampangusa uso na kusema, "Vumilia mama. Tumekaribia mama. Mama usilale."

Kila "mama" ilinichoma, na bado sikusema!

Hospitali wakampokea haraka na kitanda cha magurudumu. Nesi mmoja wa makamo akainama kumsalimia kwa Kibena, "Kamwene." Nikaona macho ya Ester yamefunguka. Akaanza kuongea na yule nesi kwa lugha yetu, polepole, sikusikia maneno. Nesi akanitupia jicho moja tu la pembeni. Wakamsukuma ndani, mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi. Mjomba wa Lilian, Lilian, na mimi.

Daktari akatoka upesi. "Nyie ndio mmekuja na Ester? Ana mimba, imetunga pabaya, imepasuka. Damu nyingi imemwagika ndani. Tunamfungua sasa hivi."

Lilian akasimama. "Daktari, samahani, umechanganya wagonjwa. Sisi tuna mama mtu mzima."

"Sijachanganya. Amesema mwenyewe ana miaka thelathini na nne, na kipimo kimeonyesha. Mume wake yuko wapi?"

Lilian akajibu kwa upole, "Mume wake alishafariki zamani."

Mjomba akanitazama. Daktari akatutazama mmoja mmoja, amekasirika, hana muda.

Hata hapo nilichelewa. Nasema kweli tupu, hata hapo kuna sekunde niliangalia viatu vyangu. Kisha nikasema, "Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye mume wake."

Daktari hakuniuliza kitu. Aliniambia tu kwamba akiishi nimshukuru Mungu, akageuka. Lilian hakupiga kelele, hakunipiga kofi. Alirudi kukaa kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu. Kisha akainua kiganja chake, kile alichokuwa akimpangusia Ester jasho, akakitazama.

Akasema, "Nilimpigia magoti. Namwibia mume, na akanipikia kuku."

Hakuniambia neno lingine siku ile. Na hakuondoka. Alitoa damu. Mimi yangu walipima wakasema siruhusiwi kwa kifua changu, ya Lilian ikafaa. Basi ndani ya mke wangu kuna damu ya Lilian, na yangu haimo.

Ester aliishi. Lakini ile mimba ilikuwa imetunga pembeni kabisa ya mfuko wa uzazi, na ilipopasuka ilichana vibaya. Ili damu ikome walilazimika kuutoa mfuko wote. Daktari alinieleza baadaye, amepoa. Nikamuuliza kama ningemleta mapema. Akatafuta maneno, akasema, "Ingeonekana ile siku ya kwanza, pengine tungeokoa kizazi." Akaona uso wangu, akasema tena, "Nimesema pengine."

Mimi nimelishika hilo pengine, kila siku nalala nalo.

Alipopata nguvu ya kuongea nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia Ester, kwa nini hukusema zahanati? Kwa nini hukumwambia yule mganga una mimba? Naomba mniamini, sikuuliza kwa kumlaumu, niliuliza kwa uchungu. Lakini nilipoisikia sauti yangu, nikaona namtwisha na hilo.

Akanijibu akiangalia dari. "Ulishasema mimi ni mama yako. Ningesema nina mimba, wangeniuliza ya nani. Ningesema ya nani? Ya mwanangu?"

Nikalia kwa sauti, wagonjwa wengine wakageuka.

Akasema, "Lile neno nililotaka kukwambia Jumapili ile, ndilo hilo. Nilingoja mpaka niwe na hakika. Mara nyingi tumefurahi bure, nikasema safari hii ningoje."

Baada ya hapo akaomba nesi anitoe.

Kaka yake alitoka Kifanya kuja kumchukua. Nilitegemea anipige, ningeshukuru. Alinipa mkono kama anavyompa mgeni, akamfunika dada yake blanketi, wakaondoka. Na aliyekuja naye, jamani, ni mama yangu mzazi. Nikamkimbilia. Akaninyooshea mkono nisimame palepale.

"Mama yako ni mimi hapa," akasema. "Una haja na mama, mbona hukunileta mimi Makambako? Yule alikuwa mke wako." Akapanda gari na mkwewe. Anamuuguza hadi leo kwa kina Ester, kwake hakai.

Nimekwenda Kifanya mara nyingi. Nimepeleka wazee wa kanisa. Nimempeleka mchungaji. Ester anawapokea, anawapikia chai, anawasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema amenisamehe lakini hawezi kurudi. Wazee wanarudi wakiniambia nishukuru nimesamehewa. Nishukuru nini? Msamaha wa namna hii ni mbaya kuliko matusi!

Lilian alikwenda kumwomba radhi. Nilisikia kwa watu. Walikaa jikoni mchana kutwa, na alipoondoka Ester alimfungia viazi vya kwenda navyo. Mimi nikienda naishia getini. Kibanda cha Lilian sasa kina mtu mwingine, amehama mji.

Mara moja tu Ester alitoka kuongea nami. Alikuja taratibu, hawezi tena kutembea haraka wala kubeba ndoo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nikasema moja tu, "Rudi."

Akasema, "Mimi sikuumia kwa sababu watu waliniona mzee. Najijua nilivyo, kioo ninacho. Nilijua na sababu yake, nikawa naona ni sawa, maana sababu ilikuwa wewe. Sasa wewe ukaona aibu." Akatikisa kichwa. "Nirudi nikakae na nini?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Juzi kaka yake amenipigia, wanataka vitu vyake. Nimevifunga. Nguo zake si nyingi, zimeenea kwenye mfuko mmoja wa sandarusi. Nilikuta chini ya kitanda, ndani ya sufuria asiyoitumia, vinguo viwili vidogo vya mtoto mchanga amevifuma kwa uzi wa sweta, kimoja hakijaisha mkono. Nimekaa navyo tangu asubuhi. Sijui nivitie kwenye mzigo au nivifiche. Nikivipeleka nitamuua, nikivificha nitakuwa nimemficha tena kitu. Lori linapita kesho kuchukua, na mimi bado nimekaa hapa chini.

Ndugu yangu unayesoma, hasa wewe mwanaume ambaye mkeo amechakaa na wewe bado unang'aa, naomba unisikilize mimi niliyeharibikiwa. Watu watakosea. Dukani, kwenye basi, hata kanisani, mtu atasema huyu ni mama yako au dada yako mkubwa. Usicheke, usinyamaze. Msahihishe hapohapo, mke wako akisikia, hata kama mdomo unakuwa mzito na watu wanakutazama. Na ukiulizwa umri wake hospitali, utaje ule wa kweli, kwa sauti. Mimi nilidhani naficha aibu ndogo ya siku moja. Sasa nina nyumba nzima na hakuna anayepumua ndani yake ila mimi.

Mwenye kuniombea aniombee. Ila kwanza amwombee Ester, kidonda chake kinamsumbua baridi ikizidi, na huku kwetu baridi ndiyo kwanza imeanza.